Nilienda Mutoto

Harufu ya sambaza wakikaangwa kwa mawese hunirudisha hadi leo kwenye nyumba yetu ya Katoyi, msimu ule dada yangu mkubwa, Yaya Neema, alipokuwa akijifunza Kihispania. Mama aliwanunua samaki hao wadogo sokoni Kituku asubuhi, akawakaanga mlangoni, na moshi wa makaa ukaingia ndani, ambako Yaya alikuwa akirudia vitenzi akifuata sauti iliyorekodiwa kwenye simu. Masista wa Uhispania walikuwa tayari kumpokea akasomee uuguzi kwao, mradi aweze kuzungumza nao bila mkalimani. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka tisa na sikutaka aende. Nilizunguka meza, nikatoka nje kwenye mawe meusi, nikarudi, nikasimama nyuma ya kiti chake nikiburuza kandambili. "Riziki, kaa chini basi, unanichanganya kichwa," alisema. Nilikaa, na kabla hajamaliza sentensi nilikuwa nimeshasimama tena.

Tumaini langu lote lilikuwa kwenye wakati uliopita. Kiswahili hakina makuu: unachomeka "li" na kitenzi kinatii. Kihispania kina vitenzi vikaidi. Kufanya ni "hacer", kwa hiyo Yaya alisema "hací", kama mtu yeyote mwenye akili timamu angesema. Sauti ya simu ikasema "hice". Kuwa na kitu ni "tener", lakini nilikuwa nacho ni "tuve". Niliwapenda wakaidi hao kwa sababu walimchelewesha. Mmoja tu aliniudhi: "fui". Nilikuwa ni "fui", na nilienda pia ni "fui".

"Yaya, kuwa na kuenda inaweza kuwa neno moja namna gani?"

"Usiniulize miye. Ni vile banasemaka."

Basi nikaligeuza mzaha. Akisema "fui niña", yaani nilikuwa mtoto, mimi nilitafsiri kwa makusudi: "Nilienda mutoto." Mama alicheka mpaka sambaza wakaungua, na kwa wiki nzima nyumbani hakuna aliyesema "nilikuwa".

Siku masista walipopiga simu kumpima Kihispania, niliamriwa nikae mlangoni nisisogee. Sista mmoja mzee alimuuliza Yaya alifanya nini Jumapili. "El domingo hací..." akaanza, akajua amekosea. Nilimwona akikunja kitambaa cha meza kwa vidole. Nilichokuwa nikikiomba kila siku kilikuwa kinatokea, na mdomo wangu, ambao haujawahi kutulia, ukasema kwa sauti: "Hice." Sista akacheka. Yaya akarudia "hice", kisha maneno mengine yakamwagika yote, tuve, fui, yote mahali pake. Walimkubali siku ileile, nami nikalia nyuma ya nyumba kwa hasira za mdomo wangu.

Yaya ni muuguzi huko sasa, ana watoto ambao salamu zangu hawazijibu kwa Kiswahili. Mimi bado niko Katoyi na bado sikai chini. Hata simu naongea nikizunguka meza ileile. Jumapili iliyopita alipiga akitoka kazini, sauti imechoka. Nilimwambia nakaanga sambaza.

"Unajua, Riziki," akasema, "kule kwetu nilienda mutoto wa raha."

Hakucheka. Sikujua kama ni mzaha wetu wa zamani au Kiswahili kinaanza kumponyoka. Neno sahihi lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nilisimama, nikalimeza.