Mizani, Shaba na Nyama ya Harusi

Ubishi wa msomi ni ugonjwa, nami niliuugua hadharani, kwenye kizuizi cha askari barabara ya Banalia, miaka ile ya baada ya uhuru ambapo kila mwenye bunduki alidhaniwa mwasi.

Mwanangu alikuwa akioa, na kwetu baba wa bwana-arusi huwapelekea wakwe nyama ya porini kwa mkono wake, la sivyo sherehe huahirishwa. Basi Tonton Ramazani, mjomba wa bibi-arusi, akaniazima bunduki yake, na kwa kuwa risasi za dukani zilikwisha zamani, tukawa tunayajaza upya maganda yaliyotumika, baruti nyuma, kichwa cha plombi (yale madini laini mazito ya risasi) mbele. Plombi nayo ikakosekana. Mimi (niliyehubiri darasani kwamba mizani haisemi uongo!) nikachonga kichwa cha shaba, nikakipima mpaka kikalingana na cha plombi, nikatia baruti kipimo kilekile.

“Papa Mwalimu, punguza baruti,” Ramazani akasema. “Shaba iko nguvu.”

“Uzito ni sawa, donc kazi ni sawa.”

Sawa, kweli! Shaba ni nyepesi kuliko plombi, kwa hiyo ili kufikia uzito ule kichwa kilikuwa kirefu zaidi, kikazama ndani ya ganda na kuibana baruti. Tena ni kigumu, hakikulainika kupita kwenye mifereji ya mtutu, na shinikizo la moshi nyuma yake likapanda kupita kiasi. Porini nilipomfyatulia swala, mlio ulinitoa machozi, swala akaenda zake mzima, ganda likavimba na kunasa, na komeo la bunduki likakataa kufunguka hata tulipolipiga teke.

Kizuizini, nilikofika peke yangu, sheria ilikuwa moja: fungua bunduki, onyesha chumba cha risasi ni kitupu.

“Papa, fungula.”

“Haifunguke. Iko ganda tupu tu.”

“Ganda tupu inakataa kutoka? Bon, lala chini!”

Nikalala kifudifudi vumbini, na kanzu yangu nyeupe (nani huvaa kanzu kuwinda? mimi, nilitaka kufika nimependeza), ndipo wakatokea shangazi za bibi-arusi na masufuria yao, wakija kupokea nyama.

“Mama, munajua huyu muasi?” askari akauliza.

Mkubwa wao akanitazama, akacheka mpaka akashika kiuno. “Huyu? Huyu ni baba ya bwana-arusi! Hata swala hamuogope, weye unamuogopa?”

Askari wakacheka, wakabaki na bunduki, wakaniachia. Nikabaki mikono mitupu, harusi ya mwanangu ikining'inia. Yule mama akafungua furushi lake mwenyewe la samaki wa kukaushwa kutoka Isangi, akanitwika kichwani.

“Tembea mbele, papa. Nyama yako ni hii. Na ufunge kinywa.”

Nilikifunga. Mwanangu alioa siku ileile, na tangu hapo sijagusa baruti, wala simwamini anayehukumu vitu kwa mizani peke yake. Na wajukuu wakiuliza kwa nini harusi ya baba yao ililiwa samaki, nawaelekeza kwa aliyenitwika: Mama Zaituni.