Salamu za Jumapili

Kabambare nzima ilijua, isipokuwa mwenye baba. Walijua wa parokiani, walijua wauza sombe, majani ya muhogo, sokoni, walijua hata waendesha pikipiki wanaopeleka wachimbaji Salamabila. Aliyefichwa ni Pascaline peke yake, aliyekuwa Ubelgiji kwa muhula mmoja wa masomo. Na waliomficha walijiona watu wema. Hilo ndilo linalochoma.

Pascaline alikuwa akisomea kilimo Kasongo, mtoto wa wakulima. Chuo chake kilipopata nafasi ya kubadilishana wanafunzi na chuo kimoja cha Ulaya, akachaguliwa yeye. Baba yake, Mzee Gérard, alizunguka mji akitangaza habari hiyo utadhani yeye ndiye anayepanda ndege. Siku ya kuagana alikuwa akikohoa. Pascaline alipomwuliza, akajibu kwamba ni vumbi la barabara, na mtoto akaamini.

Huko alikuta baridi ya kupasua midomo na wenzake wapole waliomwuliza kama Kongo kuna maabara, kisha wakajijibu wenyewe kabla hajafungua mdomo. Alivumilia. Kila Jumapili, Yenga kwa lugha ya kwao, sauti ya baba ilimfikia kwenye simu, imerekodiwa na kutumwa na kaka yake mkubwa, Ruphin, maana mtandao wa Kabambare haukutosha kuongea moja kwa moja. "Mutoto wangu, kula muzuri. Vaa nguo ya muzito. Siye huku tuko salama."

Januari ikaja kazi ya darasani. Profesa alitaka kila mwanafunzi mgeni aeleze ugonjwa mmoja wa mazao ya kwao, si wa kitabuni, wa shamba analolijua. Pascaline akachagua mihogo ya baba yake kule Lusangi, ile iliyokuwa ikikunja majani. Akatuma ujumbe wa sauti kuuliza: ugonjwa ulianzia upande gani wa shamba? Mbegu ilitoka wapi? Jibu likaja: "Mutoto wangu, masomo ni kazi. Usichoke." Akauliza tena, polepole, neno kwa neno. Likaja: "Nafurahi kusikia sauti yako." Siku ya kueleza akasimama mbele ya darasa hana la maana, akababaika, akakaa. Alipotoka nje akatoa simu, akarekodi ujumbe.

"Baba, unaongea weye tu!" alifoka kwenye simu. "Siku moja tu unisikilize, inakushinda? Kama masomo yangu hayakuhusu, sema!"

Jumapili iliyofuata baba akajibu kwamba nyumbani wote wanamsalimia.

Basi muhula ukaisha, akarudi. Ruphin alimpokea Kasongo, akamkumbatia upesi upesi, akafunga sanduku nyuma ya pikipiki. Mvua ilikuwa imeharibu njia. Mahali pengine walishuka wakasukuma, tope hadi magotini.

"Yaya, Baba iko aje?" Pascaline alimwuliza kaka yake.

"Mama anakungojea," Ruphin alisema, akaendelea kusukuma.

Uwanja wa nyumbani ulikuwa umefagiliwa, na majirani wamejaa. Mama yake, Léocadie, alikuwa amefunga kitambaa kichwani mpaka karibu na nyusi. Pascaline akawekewa bugali, kuku na sombe. Alipomwulizia baba, akaambiwa ale kwanza. Wote wakawa wanamtazama anavyotafuna.

Kwao msafiri hapewi habari ya kifo akiwa na njaa. Anakula, kisha mtu mzima anakaa karibu naye na kumshika mkono, ndipo anaambiwa. Kwenye simu haisemwi kabisa. Pascaline alikua ndani ya desturi hiyo. Utotoni alikaa mara nyingi katika nyumba za watu akimtazama mgeni asiyejua kitu akimaliza chakula chake, na hakuwahi kuona ubaya wowote. Sasa akayaona macho yale yale, yote yamemwelekea yeye. Akarudisha tonge kwenye sahani.

"Mama, toa hicho kitambaa."

"Kula kwanza, mwanangu."

Akanyoosha mkono, akakivuta mwenyewe. Kichwa cha mama kilikuwa kimenyolewa kama cha mjane, na nywele zilikuwa zimeshaanza kurudi. Hazikuwa za wiki hii wala za mwezi huu.

"Lini?"

Ruphin alijibu kutoka mlangoni. "Mbele ya Noeli."

"Mbele ya Noeli? Na zile sauti za Baba?"

"Alijua hatapona. Akaniambia nishike telefone, akaongea zote akiwa kitandani. Akasema niwe natuma kila Yenga mpaka urudi."

"Na maneno yangu? Yale niliyomwambia Januari?"

"Niliyasikia miye."

"Ukanyamaza!"

"Ningesema nini? Ungeacha masomo."

"Ningeacha! Ni masomo yangu! Ni baba yangu!" Akasimama, sahani ikaanguka. "Mulikaa hapa mukala, mukalia, mukanyoa, mukamaliza. Miye niko kule nagombana na maiti!"

Mama akamshika mkono, kama desturi inavyotaka. "Usimwonee kaka yako. Baba yako mwenyewe ndiye alitukataza. Alisema mutoto asikatizwe. Tulimutii."

Pascaline akauchomoa mkono wake. Hasira yote aliyokusudia kumtwika Ruphin ikakosa pa kwenda, maana mwenye kosa alikuwa chini ya udongo, nyuma ya nyumba, wanapozikwa wa kwao. Angekuwa hai, angemwambia usoni: nani alikuomba? Nani alikupa ruhusa ya kunichagulia? Alimpenda baba yake kupita kiasi, na wakati ule alimchukia vilevile.

Akatoka. Ruphin akamfuata. "Kilio kiliisha, Pascaline. Matanga tulishayafunga. Watu watasema nini?"

Pascaline akaendelea kutembea. Alifika kaburini, akaona saruji imeshakauka, na akapiga yowe. Halikuwa yowe la kujizuia. Alimwita baba kwa jina, akamtukana, akamwita tena. Na Kabambare yowe la msiba halina hiari: anayelisikia anaacha sufuria motoni na kuja.

Wakaja. Walitoka sokoni na njiani, waliojua na wasiojua, wanawake wakikaza vitenge. Miongoni mwao alikuwepo Nsimire, muuza chumvi aliyehamia juzijuzi kutoka Bukavu, ambaye hakumjua mtu yeyote wa nyumba ile. Akamshika bega.

"Pole sana, dada. Nani amekufa?"

"Baba yangu."

"Lini?"

Ruphin akafungua mdomo. Pascaline akamgeukia, akamkazia macho mpaka akaufunga.

"Leo," akasema. "Amekufa leo. Kaeni chini."