Bunduki Niliyomchagulia Mke Wangu

Mke wangu alikuwa askari wa wanyamapori kwa miaka ishirini na saba, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumwona kazini. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Ushirombo. Yeye aliondoka na gari la doria, akakaa porini wiki tatu, akarudi amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Alioga, akalala siku nzima, kisha akawa mama wa nyumbani kama wengine. Bunduki ilibaki kambini. Watoto wetu walijua mama yao ana bunduki kama watoto wengine wanavyojua baba yao ana meza ofisini.

Siku aliyostaafu alikabidhi sare, buti na bunduki, akaweka sahihi, akapanda basi. Alifika na begi moja.

Alijaribu kuku, akawachoka. Alijiunga na kwaya ya akina mama kigangoni, akawa anakwenda na kurudi kimya. Mimi nilizoea mtu anayerudi na habari: nyayo za simba kwenye mchanga, viboko waliowazuia kuvuka mto, mvua iliyobomoa hema. Sasa hakuwa na la kusimulia, na mimi sikujua niseme nini kuijaza nafasi hiyo.

Kilichoniamsha ni nguruwe pori. Msimu ule walishambulia mihogo ya kijiji kizima. Asubuhi moja jirani yetu, mjane anayelima peke yake, alikuja ameshika muhogo uliotafunwa nusu.

"Mayu," alimwambia mke wangu, kama Wasukuma wanavyomwita mama kwa heshima, "wewe si ulikuwa askari? Tusaidie basi."

Mke wangu alitazama viganja vyake. "Nilikuwa," alisema. "Sasa sina kitu mkononi."

Jirani alipoondoka, mke wangu alikaa muda mrefu na ule muhogo mapajani. Siku hiyohiyo niliamua kumnunulia bunduki ya kuwindia, na nikakusudia iwe nzuri, ya kumfanya mtu ashike mdomo.

Niliwaza kumshtukiza. Nilivaa shati langu la sherehe, nikaenda kituo cha polisi cha wilaya kuulizia utaratibu. Ofisa aliyenipokea alikuwa mwanafunzi wangu zamani. Aliniamkia, akanisikiliza mpaka mwisho, akajitahidi asicheke.

"Mwalimu, hii si kitenge," alisema. "Hununui ukaenda ukamfungulia mezani. Anayemiliki ndiye anayeomba. Anaanzia kwa mtendaji wa kijiji, anakwenda kata, mpaka kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya. Atapimwa afya, atachukuliwa alama za vidole, na lazima awe na kabati la chuma la kuitunzia. Nenda kamwambie mama."

Nilimwambia wakati tunakula. Aliacha tonge hewani.

"Wewe?" aliuliza. "Tangu tuoane hujawahi kuninunulia hata kanga ya rangi ninayoipenda. Bunduki utaiweza?"

"Nitajitahidi."

Alitafuna taratibu, akifikiri. Kisha akasema, "Karatasi nitazihangaikia mimi. Kuchagua, chagua wewe. Utakayoileta nitaipokea." Nikaona ameanza kutabasamu, akainamisha uso kwenye bakuli la mlenda ili nisione.

Maombi yalichukua miezi. Kwenye kamati mjumbe mmoja aliuliza mama wa umri wake anataka bunduki ya nini. Aliwajibu kwamba alilinda wanyama dhidi ya watu kwa miaka ishirini na saba, na sasa anaomba kulinda mihogo dhidi ya wanyama, kwa kibali, na kwa sheria alizokuwa akiwafundisha vijana wa kazi. Walimpitisha.

Ikabaki kazi yangu. Nilimpigia simu bwana mmoja aliyefanya doria na mke wangu miaka mingi, nikamwomba ushauri.

"Bunduki ni kama kiatu, mwalimu," alisema. "Isipomkaa itamuumiza. Mpime mkono, kuanzia kwenye kunjo la kiwiko mpaka kidole cha kufyatulia. Urefu huo ndio urefu wa kitako anachotaka."

Nikaazima futi ya fundi cherehani. Nilimkuta mke wangu akipepeta mchele, nikamwomba anyooshe mkono.

"Unanishonea nini?"

"Koti."

"Koti la mkono mmoja?" aliuliza, lakini aliutoa mkono, akatulia nikampima.

Nilikwenda Mwanza kwanza, kwenye duka linalouza silaha kihalali. Muuzaji alinionyesha bunduki mpya yenye kitako cha plastiki nyeusi. Nilipima, ilimtosha mke wangu kamili kabisa. Ilikuwa nyepesi, haipati kutu, haioti ukungu. Lakini niliitazama nikaona kitu cha ofisini, kama kile alichokwisha kukikabidhi siku anastaafu. Niliomba nikafikirie.

Wakati wa kurudi nilishuka Maganzo, kwa sababu nilikuwa nimesikia juu ya mzee mmoja mnunuzi wa almasi anayeacha kuwinda. Macho yake yalikuwa yamepata mtoto wa jicho, na bunduki yake alikuwa ameiweka polisi isubiri mnunuzi mwenye kibali. Tulikwenda naye kituoni, wakaitoa ghalani mbele yetu.

Hapo inabidi niseme kwamba baba yangu alikuwa seremala. Kuhusu bunduki sijui kitu, lakini mbao nazijua. Kitako kile kilikuwa cha mti wa nje, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na michirizi yake ilipinda kutoka shingoni mpaka mwisho kama maji yanayotoka kwenye mfereji. Pale mkono unaposhika, fundi alikuwa amechonga vialama vidogo vya msalaba, sawa kwa sawa, bila hata kimoja kuteleza. Mtutu ulikuwa na weusi wenye ubuluu. Nilipitisha kidole kwenye mbao mpaka mwisho wake.

"Umeipenda," mzee alisema.

"Nimeipenda. Lakini si yangu."

Nikatoa futi. Kitako kilizidi kwa vidole viwili.

Nilikaa kwenye benchi la kituo na futi yangu. Mwanza ilikuwepo ya plastiki, inayomtosha. Hapa ilikuwepo hii. Yule mzee hakunihimiza. Alikaa kando yangu akaeleza kwamba ameitumia msimu baada ya msimu, na kwamba mkewe ndiye aliyekuwa akiipaka mafuta mpaka alipofariki. "Mbao hupungua ukitaka," alisema mwishoni. "Haziongezeki tu."

Nikachagua hiyo.

Karatasi ziliandikwa kwa jina la mke wangu, na polisi wenyewe wakaisafirisha mpaka kituo cha kwetu akaipokee kwa mkono wake. Siku ya kuichukua nilikwenda na kitenge kipya ndani ya mfuko. Nilimwomba yule ofisa aifunike juu ya kaunta. Safari hii alicheka waziwazi, lakini aliifunika.

Mke wangu aliingia, akasalimia, akatazama kile kitenge kilichofunika kitu kirefu. Alikivuta taratibu. Kwanza alifungua chemba akahakikisha haina risasi, akaitazama mara mbili. Kisha akapitisha kiganja kwenye mbao, palepale nilipopitisha mimi.

"Umeichagua wewe?"

"Mimi."

"Ni nzuri sana, mwalimu," alisema.

Aliiweka begani. Nikaona anachokificha: shingo ilinyooka mbele, shavu likatafuta pa kukaa likakosa. Aliishusha haraka, akatabasamu, akauliza pa kuweka sahihi.

Nyumbani nilimwambia nitakikata kitako.

"Usikate," alisema. "Kitu kizuri namna hii. Nitazoea."

"Umezoea vingapi kwenye ile kazi? Buti za wanaume, makoti ya wanaume. Mimi sikununua kitu cha kuzoewa."

Aliketi, akaifungua, akatenganisha chuma na mbao kwa utaratibu, akanipa kitako peke yake. Chuma akakifungia kabatini.

Nilitoa msumeno wa marehemu baba. Nilipima mara nne. Yeye alishika upande mmoja juu ya meza na mimi nikashika upande mwingine, na niliposukuma msumeno mara ya kwanza nilifumba macho kama mtoto anayechomwa sindano. "Fungua macho," alisema, "utanikata vidole." Tukacheka mpaka mkono wangu ukatulia. Nilimaliza kwa tupa na msasa, nikarudisha ule mpira wa mwisho wa kitako unaokaa begani, nikapaka mafuta siku tatu mfululizo. Alipoiweka begani tena, shavu lilikaa lenyewe. Alifumba jicho moja, akabaki hivyo, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua mzigo.

Mihogo ilipokomaa tena, afisa wanyamapori wa wilaya alitoa kibali cha kupunguza nguruwe. Mke wangu aliniambia niende naye, nikae nyuma yake na nisikohoe.

Tulifika shambani kwa yule mjane kukiwa kumepambazuka. Alipima upepo kwa kumwaga majivu kidogo, akabadilisha mahali petu. Alichuchumaa. Sijawahi kumwona mtu akitulia hivyo. Nguruwe jike alitokea na watoto wake, karibu kabisa, nikamgusa mke wangu mgongoni. Alitikisa kichwa. Wakapita. Tukangoja mpaka miguu yangu ikafa ganzi, ndipo dume kubwa likajitokeza kwenye matuta, bonge la udongo puani. Nilisikia mke wangu akitoa pumzi polepole. Mlio mmoja. Dume lilianguka palepale liliposimama.

Alingoja, akaifungua chemba, akaokota ganda la risasi, ndipo akanigeukia. Uso wake ulikuwa uso ambao wenzake wa kambini waliufahamu kwa miaka ishirini na saba, na mimi nilikuwa nauona kwa mara ya kwanza.

"Ulidhani nitampiga mwenye watoto?" aliuliza.

"Sikujua. Sijui lolote kuhusu kazi yako."

"Basi utajua."

Mjane alikuja anakimbia na beseni, akisema wabeja, wabeja, asante za Kisukuma, kabla hata hajamwona mnyama. Nyama iligawiwa majirani wanaokula, na nguruwe waliobaki hawakuonekana shambani kwa wiki nyingi.

Njia nzima ya kurudi mke wangu alizungumza. Alinieleza upepo wa asubuhi na wa jioni unavyotofautiana, na jinsi ya kujua nyayo zimepita saa ngapi. Nilimuuliza maswali ya kijinga, naye akayajibu yote. Tulipofika nyumbani chai ilichelewa, kwa sababu alichuchumaa uani akachora kwato za nguruwe na za pongo, yule swala wa vichakani, kwenye mchanga, akanitaka nitaje ipi ni ipi. Nilikosea. Akafuta kwa kiganja, akachora upya.