Usi Iliyobaki Ndani ya Mshono

Mie najua kushona mfuko usiovuja hata punje ya mtama. Naanza na sifa hiyo kwa sababu mengine yote nitakayoyasema hapa yananivua nguo, na ni vizuri msomaji anikute nimevaa walau kitu kimoja.

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, wajukuu zangu hapa Mbagala wamegundua mfuko wa kitambaa. Wamegundua! Wanakata kanga zangu kuukuu, wanashona, wanapiga picha, wananiambia, "Bibi, siku hizi kitu kikichakaachakaa ndiyo fasheni." Basi mie nimekuwa fasheni tangu nizaliwe. Miaka ile ya Ujamaa, tulipokuwa tunakaa Temeke, chumba kimoja mimi na mume wangu na mtoto, kuchakaa hakuna aliyekuchagua, kulikuja kwenyewe kama masika. Ulikuwa ukisimama foleni duka la ushirika toka alfajiri kungoja sukari, na zamu yako ikifika muuzaji anakuuliza, "Una cha kutilia?" Karatasi hana. Kama huna cha kutilia unakinga upindo wa kanga, unarudi nyumbani sisimizi wanakusindikiza.

Ndiyo maana nikaanza mifuko. Nje kanga iliyochoka, ndani bitana ya gunia la unga, mikono yake misokoto ya vipande, kifungo nachonga kwenye kifuu cha nazi. Uzi nilifumua kwenye lile gunia lenyewe. Cherehani sikuwa nayo, nilikuwa na sindano moja tu, na mume wangu alikuwa akisema sindano ile naijua kuliko ninavyomjua yeye. Mshono wangu nilikuwa naukunja mara tatu. Wenzangu wanakunja mara moja, mie tatu, halafu nazunguka nawaambia, "Vuta! Vuta uone kama utafumuka!" Nilikuwa na kiburi cha mshono. Wengine wana kiburi cha sura.

Sasa, mtaani petu palikuwa na mkunga. Mama mtu mzima, mrefu, mikono mikubwa kama ya mwanamume, maneno machache. Mtoto wangu wa kwanza alitanguliza miguu, na yule mama ndiye aliyemtoa akiwa mzima na mie nikabaki mzima. Kwa hiyo nilipopata mimba ya pili, akili yangu yote ilikuwa kwake. Hospitali ilikuwepo, sikatai, lakini mie niliona mtoto akitanguliza miguu tena, duniani kuna mikono miwili tu inayoweza kumgeuza. Nikasema huyu mama lazima nimtengenezee kitu mapema, aje na moyo mweupe.

Kanga nilikuwa nayo. Mume wangu aliniletea doti nzima nilipotimiza arobaini ya yule wa kwanza, na muuza duka alikuwa amemsomea jina la kanga, yale maneno yake, naye akaja kunisomea mie: USIMTUKANE MKUNGA UZAZI UNGALIPO. Nililipenda, nikalishika kichwani kama dua. Kipande kimoja kilishakwisha kwa nepi. Cha pili kilipauka kwa kubebea mtoto, lakini maneno yalikuwa bado meusi, yamesimama. Nikasema, mkunga nampa maneno yake mwenyewe.

Hapa niseme ukweli kuhusu elimu yangu. Darasa la kwanza nilikaa miezi mitatu, baba akanitoa nikafukuze ndege kwenye mpunga. Wakati ninaoueleza nilikuwa nimeanza kisomo cha watu wazima, wiki ya tatu, na kwa wiki hizo tatu nilikuwa nimejua a, e, i, o, u na jinsi ya kushika penseli bila kuivunja. Lakini mtaani nilishatangaza kwamba nasoma. Barua ya jirani ikija, nilikuwa naitazama sana, halafu nasema, "Wazima, wanasalimia." Sikuwahi kukosea. Barua gani haisalimii?

Basi nikaukata mfuko. Nikapanga maneno yauzunguke, nusu mbele, nusu nyuma. Nikakata pale yanapoanzia, upande wa mwisho nikaacha nafasi. Herufi hata moja sikuitupa! Nikakunja mshono wangu mara tatu, kitambaa cha upana wa vidole vitatu kikaingia ndani, nikashona ukawa mgumu kama ukingo wa mkeka. Kilichoingia kwenye vidole vile vitatu sikukitazama. Vilikuwa vialama vitatu tu mwanzoni. Neno refu namna ile, vialama vitatu si kama chumvi iliyomwagika kidogo?

Nikampelekea. Akaugeuza, akavuta mshono, haukufumuka. Akauliza, "Pameandikwaje hapa?"

Yeye alikuwa hajui kusoma, tena hakuona haya kusema. Mie niliyekuwa na haya nikaweka kidole kwenye herufi ya kwanza niliyoiona, nikakiburuza taratibu kama mwalimu: "U-si-mtukane mkunga, uzazi ungalipo."

Akacheka. Yule mama kucheka ilikuwa kama mwezi kuandama. Akasema, "Wewe mtoto una adabu. Siku yako ikifika niite hata kama nakula."

Akautia wembe wake, pamba yake na uzi wake, akawa haendi popote bila mfuko ule. Sokoni, msibani, foleni ya sukari. Akinikuta ananiambia, "Mfuko wako unapendwa! Kila anayeutazama anatabasamu. Jana karani mmoja kautazama mpaka kajikwaa." Mie kichwa kikavimba. Nikachukua oda za wanawake wanne.

Haya, kisomo chetu kilikuwa alasiri, kwenye ofisi ya tawi la chama, chini ya bati. Mwalimu alikuwa mwanamke wa bara, mpole sana, anatuita mama zangu hata tukiwa tunasinzia. Mkunga naye akaja kujiandikisha. Nilifurahi, nikamsogezea nafasi kwenye benchi nikamwambia, "Ukikwama niulize mie." Kumbe mwanamke yule alikuwa na kichwa. Mwezi mmoja na nusu alishanipita, mie bado napigana na ba, be, bi na tumbo limenijaa mpaka nakaa mbali na meza.

Siku moja mwalimu akatuambia kesho yake kila mtu aje na kitu chenye maandishi toka nyumbani kwake. Mmoja akaja na kibiriti, mwingine kopo la samli. Mie nilikuja na mfuko wangu wa gunia la unga wa njano, wenye maandishi ya Kizungu, nikijua hakuna atakayeniuliza.

Mkunga akasimama na mfuko wake. Akauinua mbele ya kifua, akasema, "Haya maneno yangu nayajua, lakini leo nataka niyasome."

"Soma, mama yangu," mwalimu akasema.

Akaweka kidole. "M... tu... ka... ne." Akarudi mwanzo. "Mtu-ka-ne." Akaangalia kushoto kwa M, palikuwa na mshono. Akaukwaruza kwa kucha. Mshono wangu, nimeshasema, haufumuki.

"Endelea, mama."

"M-ku-nga." Akageuka akanitazama. "Mtukane mkunga?"

Jirani yangu, mwanamke tuliyepanga naye nyumba moja, mchokozi wa kuzaliwa, akatoa cheko la puani, na alipoanza yeye wakafuata wote. Mwalimu alifunika mdomo na chaki ikamchafua pua.

Na mie badala ya kunyamaza nikasema, "Mwalimu, hizo ni herufi kubwa. Hatujafika."

"Wewe ulinisomea!" mkunga akasema. "Ulipitisha kidole!"

"Nilipitisha, bibi, lakini..."

"Kwa hiyo nimezunguka Temeke nzima miezi miwili nimebeba tusi langu mwenyewe? Nikaenda nalo mpaka msibani?" Akaokota kanga yake, akatia mfuko kwapani. Mlangoni akageuka, akatazama tumbo langu, si uso wangu. "Basi akazalishwe na hiyo sindano yake."

Nilirudi nyumbani nalia. Mume wangu alitoka kazini bandarini akanikuta kitandani. "Nasikia umemwandikia mkunga matusi."

"Sikuandika. Nimeshona."

Alikaa kitako akacheka mpaka akatafuta maji. Alipoona sicheki akaacha. Naye alikumbuka ile miguu ya mtoto wa kwanza. Akaenda yeye mwenyewe kuomba radhi, akarudi na jibu moja tu: "Kasema shikamoo yangu kaipokea, yako bado."

Nikaenda mie. Mlango umefungwa, redio naisikia ndani inaongea. Nikaenda tena na mkasi wa kuazima, nimsihi anipe mfuko niufumue, ile usi aione kwa macho yake kwamba ipo, imelala ndani ya mshono. Nikaongea na mlango. "Bibi, sikuikata, niliikunja tu! Ipo ndani!" Wapangaji wake wakatoka kunitazama, tumbo mbele, mkasi mkononi, naongea na mbao. Nadhani waliogopa kidogo. Mlango haukufunguka.

Uchungu ulinikuta kwenye foleni, jua limeshakaza, mbele yangu wamebaki watu sita. Naona aibu kusema, lakini nilijaribu kuvumilia nipate sukari kwanza. Jirani yangu mchokozi ndiye aliyenitoa. Akanishika kiuno, akanikokota nyumbani, ananisema njia nzima: "Sukari! Utamlambisha nani sukari ukifa?" Alipoulaza mwili wangu kwenye mkeka akauliza, "Nimwite nani?"

Nikasema, "Unamjua."

"Akikataa?"

Nilihisi mtoto kanisukuma chini ya mbavu, na sikujua kama ni kichwa au ni mguu.

Akaenda. Muda ule sijui ulikuwa mrefu kiasi gani, nakumbuka tu nilikuwa nahesabu a, e, i, o, u, nikifika u naanza upya. Kisha pazia likafunguka, mkunga huyo. Akanawa mikono. Akanipapasa tumbo, akapapasa tena. Akavuta kigoda akakaa miguuni pangu, akaweka ule mfuko juu ya magoti yake, mbele ya macho yangu.

"Soma," akasema.

"Bibi, naumwa!"

"Umwa huku unasoma. Ulichonisomea siku ile hakipo hapa. Soma kilichopo."

Jirani akasema, "Jamani, mama kijacho huyu..." Mkunga akamwambia achemshe maji.

Nikasoma. Wallahi kisomo changu chote nilikimaliza siku ile. "M... tu..." Uchungu ukaja, nikapiga ukelele, ukaondoka. "...ka-ne. M-ku-nga."

"Geuza."

Sikuweza kugeuza, akageuza yeye. "U-za-zi u... u-nga-li-po."

"Upo?"

"Nini, bibi?"

"Uzazi. Nakuuliza, ungalipo?"

"Upo! Upo bibi, upo sana!"

Jirani aliangusha kikombe kwa kucheka. Mkunga hakucheka, lakini mdomo ulimkaa upande. Akaweka mfuko chini, akasema, "Basi sukuma. Katanguliza kichwa, huyu ana akili kuliko mama yake."

Nilizaa msichana. Sauti yake jirani alisema ilisikika mpaka kwenye foleni, na sukari yangu ilichukuliwa na aliyekuwa nyuma yangu.

Nilipotimiza arobaini nilikwenda kwake na mkasi, mtoto mgongoni. Safari hii mlango ulikuwa wazi. Nikamwambia nimekuja kufumua mshono niitoe ile usi. Akauvuta mfuko kwake.

"Uache. Wameshanisoma wote hawa, watanisoma na wengine. Hiyo usi nitakuwa naisema mie kwa mdomo." Na kweli aliisema. Kila mwanamke aliyemzalisha alimwekea mfuko magotini kwanza, asiyejua kusoma alisomewa, na kisomo cha tawi letu kikajaa wanawake wenye matumbo.

Msichana yule ndiye mama wa hawa wanaopiga picha mifuko. Amesoma mpaka basi. Juzi wajukuu waliniletea kanga yenye jina, wanataka kuikata, wakauliza, "Bibi, tunaanzia wapi?"

Nikavaa miwani, nikanyoosha kitambaa mezani, nikaweka kidole. Nilichukua muda wangu. Mmoja akasema, "Bibi, mbona sie tumeshaisoma?"

Nikamwambia akunje mshono mara moja tu.