Kikwembe Kimeshanunuliwa

Ile Jumapili haijanitoka moyoni, mwanangu, na leo nimekuita uketi hapa kwa sababu naona yako inakuja. Mama yako, mdogo wangu, amenipitishia kikwembe, kitenge cha sare, nikashone, kile ambacho familia nzima itavaa kanisani kumshukuru Mungu kwamba umepokelewa iniversite kubwa ya Kinshasa kuongezea udaktari wako ubingwa. Kizuri kweli. Lakini nilipokuuliza utasomea nini kule, ulitazama chini.

"Maabara, mama mukubwa. Ndiyo nafasi walikuwa nayo."

Maabara! Na wale watoto uliosema tangu mdogo kwamba utawatibu? Basi sikiliza.

Nilikuwa dokta mpya kama wewe, hapahapa Bunia. Jirani yetu mmoja wa mtaa wa Saio alifia mikononi mwangu, mtoto amekwama tumboni, nami sijui kupasua. Tangu siku hiyo nilijua kazi yangu ni ipi. Hospitali moja ndogo ya misheni ilikuwa inafundisha upasuaji, misheni ambayo hata Kisangani hawakuijua. Kinshasa nako nikapata nafasi, ya magonjwa ya ngozi. Si kazi ya kudharau, upele humnyima mtu usingizi. Ila haikuwa yangu.

Babu yako alikuwa mkulima wa Djugu ambaye vita vilimtupa mjini na jembe lisilo na shamba. Aliposikia "Kinshasa", wapi! Hakuuliza tena. Kabla sijajibu popote alisimama kanisani: "Bandugu, mutoto wangu wamemupokea ku iniversite kubwa! Mungu ametupanguza machozi!" Kwaya ikaimba, akina mama wakapiga vigelegele, siku ya shukrani ikapangwa, vikwembe vikanunuliwa. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini nani angemkatiza furaha mtu aliyepoteza kila kitu? Mimi nilishindwa.

Muzee Ngabu ndiye aliyenitikisa. Alikuwa mkuu wetu wa upasuaji, mtu mkali, hacheki ovyo. Aliniita tukiwa tunanawa mikono.

"Nasikia unaenda kutunza ngozi."

"Ndiyo, Muzee. Ni iniversite kubwa."

"Sikuuliza ukubwa yake. Baba yako atavaa kile kikwembe siku moja. Weye utavaa hii kazi mpaka uzeeke."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza. "Na nisikudanganye," akasema. "Jina kubwa linafungua milango. Ukienda misheni, kuna watu watakuzarau mpaka kesho. Kama ungetaka kupasua moyo, ningekufukuza leo uende Kinshasa, maana hapa hatuna hata mashini. Jua kwanza kazi yako. Kisha utafute penye wanaifundisha."

Jumamosi nikamwambia baba kwamba ninaenda misheni. Akasema neno moja tu: "Umenihaibisha." Kesho yake siye wengine tulivaa, kiti chake kikabaki wazi, nikaombewa huku machozi yananitoka. Miaka yote ya masomo hakuja kuniona.

Na maneno ya Muzee yalitimia. Nimeomba kufundisha Kinshasa zaidi ya mara moja, na kila mara wameniuliza hiyo misheni iko wapi. Iliniuma. Inaniuma hata leo, mwanangu, asikudanganye mtu.

Lakini nilipomaliza masomo nilirudi hapa Bunia, na ndipo mama yako akashikwa na uchungu wako. Barabara ilikuwa imefungwa kwa vita, hakuna wa kumpeleka mbali, na wewe umekwama kama yule mtoto wa jirani. Nilimpasua mdogo wangu mwenyewe. Baba alikaa kwenye benchi la nje mpaka aliposikia umelia. Na Jumapili uliyopelekwa kanisani alikuja amevaa shati la kile kikwembe cha shukrani yangu, ambalo hakuwa amelivaa hata siku moja.

Sikuambii haya ili unilipe. Huna deni kwangu. Nakuambia usichague jina kisha ukatafuta kazi ndani yake. Chagua kazi, kisha utafute mahali pazuri kuliko pote panapoifundisha. Kama ni Kinshasa, nenda, nitaimba mpaka sauti inikauke. Kama ni hospitali ndogo, nenda vilevile, na ujue kuna milango itakayofungwa usoni mwako. Mchagua jembe si mkulima, lakini shamba, mwanangu, shamba lazima uchague mwenyewe.

Nilitaka kumwambia mama yako mimi kwamba moyo wako hauko maabara. Hapana. Utamwambia wewe, leo, kabla hajasimama kanisani, nami nitakaa kando yako. Kikwembe nitashona hata hivyo. Mungu aliyekutoa tumboni mwa mama yako ukiwa hai akupe mikono ya kutoa wengine katika kifo, na jioni hii akufungue kinywa. Inuka, twende.