Tanuru la Luciana

Luciana alizaa saba, akazika watano. Wawili waliobaki wako Kirando wanaanika dagaa, na hata salamu hawatumi. Nyumba yake ya miti na udongo, pembezoni mwa Katandala, ilikuwa imeinama. Ukipiga chafya, ukuta unadondoka. Basi wanachuo walipofika Oktoba na majembe, wakasema watamjengea nyumba ya tofali za kuchoma bila malipo, alilia mbele za watu. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Walifyatua tofali elfu mbili. Watoto wazuri, shikamoo Bibi asubuhi na jioni, ila haraka zao sasa! Siku ya tisa Luciana aliokota tofali moja, akalivunja. Katikati lilikuwa bichi. Marehemu mumewe alichoma tofali miaka thelathini, na Luciana ndiye aliyekuwa akimpangia tanuru. Alijua vizuri kwamba tofali bichi likikutana na moto linapasuka.

"Mwanangu, hizi bado," alimwambia Yonas, kiongozi wao.

"Bibi, Ijumaa tunaanza mitihani. Nje zimekauka, moto utamalizia."

Angeweza kubisha. Lakini yeye ambaye hata jina lake hajui kuliandika, awafundishe wasomi? Aliogopa wasije wakaudhika, wakamwacha. Akanyamaza. Kuni zilipopungua, maana Ufipa kuni ni za kutafuta kwa tochi, wakamwomba nguzo na fito za nyumba ya zamani. Si itabomolewa tu? Akakubali hilo nalo. Wakabakiza mlango peke yake, waje waufunge kwenye nyumba mpya.

Moto uliwaka siku mbili. Alhamisi walipolifungua tanuru, tofali zilitoka vipande vipande, zikimomonyoka mikononi. Juu ya milima ya Mbizi wingu la mvua ya kwanza lilikuwa limeshatanda.

Yonas alipiga magoti kwenye majivu. "Bibi, tusamehe. Hatukujua."

"Ninyi hamkujua, baba," Luciana alisema. "Mimi nilijua. Nendeni mkafanye mitihani yenu."

Walipoondoka, aliuburuta mlango wake, akauegemeza kwenye tanuru, akaingia chini yake na kujikunyata. Matone yakaanza kugonga mbao. Mgongoni alisikia joto bado, joto la nguzo zake mwenyewe, nalo lilikuwa linapoa.