Picha Zilizozikwa na Tumbaku

Siku ya kuzika picha tulikuwa watu sita. Mimi mwenyewe. Mama mkwe wangu, aliyekuja kwa miguu kutoka Kuluba na kuku mmoja kwapani. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ndiye aliyechimba shimo. Wanangu wawili, wa kike mkubwa na wa kiume anayemfuata. Wa sita alikuwa tumboni mwangu, miezi sita. Majina yao yote ninayo kichwani, na ya majirani, na ya watoto wa majirani, ila siyataji hapa kwa sababu kila jina lina watu wake na sikuwaomba ruhusa.

Mume wangu hakuwepo. Alikuwa askari. Vita vilipopamba moto aliondoka na wenzake kuelekea kusini, na mpaka leo sijapata mtu wa kuniambia aliangukia wapi.

Ulikuwa mwaka wa sabini na tisa, hapa Koboko. Kila siku tulisikia kwamba askari wapya, wale waliowashinda wa mume wangu, wako njiani, na kwamba wakikuta picha ya mtu mwenye gwanda ndani ya nyumba hawaulizi yuko wapi, wanauliza mke wake ni nani. Watu wakawa wanachoma picha zao. Jirani yangu wa upande wa barabara alizichoma zote asubuhi moja jikoni, akapikia chai. Mimi sikuweza. Mume wangu alipenda kupigwa picha na gwanda, hata ya harusi ni gwanda. Kuchoma gwanda ni kuchoma uso. Nilitaka jambo moja tu: aliye tumboni aje amwone babake.

Kwanza nilikwenda Arua. Huko alikuwako mpiga picha mmoja, mtu wa Kongo, na picha zetu zote alizipiga yeye. Kabatini kwake aliweka negativu, zile filamu nyeusi ambazo ndani yake mtu huonekana kinyume, meno meusi na nywele nyeupe. Kila mteja alikuwa na bahasha yake na namba yake. Nikawaza, askari wakifungua kabati hilo watamwona mume wangu, na namba itawaleta kwangu. Nikapanda lori la muhogo nikamwendea.

"Nataka negativu zangu zote," nikamwambia.

Akacheka. "Mama, wacha yeye hapa. Picha ni mtoto, negativu ni mama yake. Mtoto akikufa, mama atazaa ingine. Sasa wewe unataka kufunga mama na mtoto nyumba moja?"

"Ni mume wangu, si wako."

"Ni kweli, mama. Hiyo siwezi kubisha."

Akatoa filamu, akanipa. Akanichovya kidole kwenye wino, nikaweka alama juu ya bahasha, naye akairudisha bahasha mahali pake. Nilipanda lori la kurudi nikijiona mwanamke mwenye akili.

Shuleni nilikaa miaka miwili tu, lakini tumbaku niliijua. Niliipanga kwa wenye mashamba tangu nikiwa msichana: jani la manjano safi huku, la kahawia kule, lililoungua peke yake. Picha nazo nikazipanga hivyo hivyo. Za harusi fungu la kwanza, za watoto la pili, za mume wangu peke yake la tatu, na negativu nikazifunga kwa kitambaa zikae juu. Kati ya picha na picha nikaweka jani la tumbaku lililokauka vizuri, maana mchwa na mende hawaisogelei tumbaku. Vyote nikavitia ndani ya mkebe wa biskuti.

Mama mkwe alikaa kwenye mkeka akinitazama.

"Nipe nusu nipeleke Kuluba," akasema. "Dada yangu ataficha ndani ya mtama."

"Hapana, mama. Zikigawanywa zitapotea. Nimeshazipanga."

"Umepanga, ndiyo. Tumbaku watu wanapanga wapate kuuza. Wewe unapanga upate kuzika?"

Shemeji alikuwa shimoni mpaka magotini, kwenye sakafu ya nyumba yetu ya kukaushia tumbaku. Akainua kichwa. "Mama, wacha yeye. Kaka atatoka huku ananuka kama kiko ya mzee, lakini atatoka."

Tukacheka, hata mama mkwe. Tukafukia, tukakanyaga udongo, tukaweka kuni juu.

Wiki chache baadaye tulivuka mpaka kwenda Kongo. Huko nilijifungua mtoto wa kike. Tulikaa miaka saba. Mtoto alipoanza kusema aliona wenzake wana baba, akawa ananiuliza, "Mama, yangu iko namna gani?" Nami nikamjibu kila mara: subiri, iko kwenye mkebe, tukirudi nyumbani utamwona. Nilimjibu hivyo mara nyingi kiasi kwamba aliamini babake anakaa ndani ya mkebe kweli, akawa anawatambia wenzake.

Tuliporudi, nyumba ya kuishi ilikuwa majivu na nyasi. Nyumba ya tumbaku ilikuwa imebaki kuta tu, haina paa. Nikamwogesha mtoto, nikampaka mafuta, nikamvisha gauni la pekee alilokuwa nalo, kama mtu anayekwenda kupokea mgeni. Shemeji akachimba. Mkebe ulikuwa pale pale.

Harufu ilitufikia kabla ya kifuniko kufunguka.

Kila mwanamke anayepanga tumbaku anajua jani kavu hunywa maji ya hewa. Msimu wa mvua unaliacha jioni linavunjika, asubuhi unalikuta limelegea kama kitambaa kilicholowa. Nilijua hilo tangu sijaota matiti. Na bado nilichukua majani hayo nikayalaza juu ya uso wa mume wangu, nikayafungia chini ya ardhi, misimu saba ya mvua, mwishowe bila paa. Picha zilikuwa zimeshikana kuwa kitu kimoja, cheusi, kama mkate uliooza. Negativu zilikuwa nyeupe, zimetoka ngozi, unaona mkono wako upande wa pili.

Shemeji alibandua picha moja kwa kisu. Mahali pa uso palikuwa na mishipa ya jani, imechorwa vizuri kabisa.

Mtoto akaishika kwa mikono miwili. "Hii ndiyo baba?"

Mama mkwe aliinuka akaenda kukaa nyuma ya ukuta. Hakunikumbusha Kuluba, wala siku ile wala nyingine yoyote, na afadhali angenitukana.

Mwezi uliofuata nikasikia kwamba yule mpiga picha amerudi Arua. Nikampeleka mtoto. Alikuwa na chumba kidogo karibu na soko, nywele zimekuwa mvi. Mbele yetu alikuwapo mwanamke mmoja wa Adumi, naye alikuwa analia kwa furaha, ameshika picha mpya ya kaka yake aliyekufa. Nikamuuliza ameipata wapi. Akaonyesha sanduku la mbao.

Mpiga picha alikuwa ametoroka na sanduku hilo hadi kwao Kongo. Alikuwa ameacha kitanda, ameacha hata kamera moja, lakini alibeba negativu za watu wote wa Arua na Koboko, kila bahasha na namba yake. Hazikuingia maji hata moja.

"Mama, mimi nakumbuka wewe," akasema, akaanza kutafuta kwa kidole. Akaipata. Mtoto akasimama kwenye vidole vya miguu ili aone.

Bahasha ilikuwa bapa. Aliifungua, akaipuliza ndani, akaigeuza juu ya meza, akaikung'uta. Kisha akaniwekea mbele upande wenye alama ya wino.

"Wewe mwenyewe, mama. Hii ni kidole yako."

Mtoto akatazama alama ile, akatazama kidole changu.

"Mama, ulitoa baba?"

Nikasema, "Nilimtoa."

Mpiga picha alitaka kutupiga picha mimi na mwanangu, bure, akasema tusitoke mikono mitupu. Mtoto akakataa. Tangu siku hiyo hajaniuliza tena babake yuko namna gani, na sasa yeye mwenyewe ana watoto.

Wanauliza hao wajukuu. Nawaambia: alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na kovu juu ya jicho la kushoto. Mama mkwe mpaka anakufa alisema kovu lilikuwa la kulia. Shemeji anasema halikuwa kovu, ni nyusi tu zilizoachana. Mtu mmoja, na sisi tuliokula naye sahani moja hatukubaliani. Nyinyi mliomjua, mliokaa naye kambini au mliosoma naye, kama nimekosea nisahihisheni, na fanyeni upesi, kwa sababu siku hizi nikifumba macho nimtafute, uso unaokuja ni wa mwanangu wa kiume.